Dunia Ipi? Imani ya Kikristo na Utamaduni wa Kilimwengu katika Mtaa wa Huruma

Katika mtaa wa Huruma jijini Eldoret, aghalabu mambo hupimwa kwa vipimo viwili: la kiroho na la kidunia. Wimbo huwa wa kiroho au wa kidunia. Vazi huwa la staha au la kidunia. Kijana aliyeacha kwaya akaanza kuonekana kwenye kumbi za muziki husemwa kuwa amerudi nyuma na kuifuata dunia, kana kwamba miaka yote aliyoimba alikuwa akiishi kwingineko. Lugha hii imezoeleka mno hata ni nadra mtu kuuliza: dunia hiyo inayokimbiwa ni ipi hasa, na mpaka wake uko wapi?

Swali hilo si la wanateolojia pekee. Linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili pia, kwa sababu mvutano baina ya imani ya Kikristo na utamaduni wa kilimwengu katika miji ya Kenya huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, tena kwa maneno ambayo Kiswahili kimeyabeba kwa karne nyingi. Fauka ya hayo, ni swali lenye uzito wa uhai na mauti katika mji ulioyashuhudia yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka wa 2008. Dai la makala haya ni kwamba mpaka baina ya imani na dunia upo, na unastahili kuwepo, ila umechorwa mahali pasipofaa. Umechorwa penye nyimbo, mavazi na chupa. Umeachwa wazi penye chuki ya kikabila, tamaa ya fedha na uroho wa mamlaka.

Huruma ni mtaa wa watu wa kipato cha chini katika eneobunge la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu. Wakazi wake ni wa makabila mengi: Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wakisii na wengineo, waliovutwa na vibarua, biashara ndogondogo na maisha ya mji ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Katika mitaa ya aina hii kanisa la mabati na baa hupakana, na vipaza sauti vya kila upande hushindana kumpata mpita njia yuleyule. Anayetazama kwa haraka huona kambi mbili zinazopigana: upande mmoja waliookoka, upande wa pili walimwengu.

Hata hivyo, hesabu inakataa picha hiyo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, takribani asilimia 85 ya Wakenya walijitambulisha kuwa Wakristo. Waliosema kuwa hawana dini walikuwa 755,750, yaani asilimia 1.6 tu. Iwapo ndivyo, basi wanaojaza baa Jumamosi usiku ni akina nani? Wanaocheza kamari kwa simu, wanaotoa na kupokea hongo, wanaowaita majirani zao kwa majina ya dharau ya kikabila, ni akina nani? Hawawezi wote kuwa miongoni mwa hiyo asilimia moja na nusu. Wengi wao wamebatizwa, wana majina ya mitume na manabii, na Jumapili huketi kwenye mabenchi yaleyale wanayoketi wanaowalaani. Utamaduni wa kilimwengu nchini Kenya haukuletwa na makafiri waliokaa nje ya ua wa kanisa. Unaishi ndani ya mtu yuleyule mmoja, anayevua dunia mlangoni mwa kanisa kama kofia na kuivaa tena anapotoka.

Ili kuelewa jinsi hali ilivyofikia hapo, yafaa kulichunguza neno lenyewe. Dunia ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na liliingia likiwa na mzigo wake: maisha haya ya kupita, yanayolinganishwa na yale ya milele. Kabla ya mmishonari wa kwanza wa Kiprotestanti, Ludwig Krapf, kufika Mombasa mwaka wa 1844, washairi wa Kiislamu wa upwa walikuwa wamekwisha kuikemea dunia kwa ufasaha usio na kifani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi aliyatumia magofu ya makasri ya Pate kuuonya moyo wake usidanganyike na fahari ipitayo. Baadaye waandishi wa riwaya waliliendeleza neno hilo kwa namna nyingine. Euphrase Kezilahabi aliandika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), naye Said Ahmed Mohamed akaandika Dunia Mti Mkavu (1980), anwani iliyotokana na methali inayomwonya kiumbe asiuelemee mti huo. Msemi wa Kiswahili, Mwislamu kwa Mkristo, hapati taabu kuamini kwamba dunia si ya kuaminika. Lugha yenyewe imekwisha kumfunza.

Lakini lugha hiyohiyo ina neno la pili: ulimwengu. Wahenga waliyatia maneno haya mawili katika kauli moja waliposema kwamba dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Tofauti yake inajitokeza kwa namna ya kushangaza katika Biblia ya Union Version iliyochapishwa mwaka wa 1952, ambayo hadi leo ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi ya Kenya. Katika Injili ya Yohana 3:16, kile ambacho Mungu anatajwa kukipenda hata akamtoa Mwanawe ni ulimwengu. Katika Waraka wa Kwanza wa Yohana 2:15, kile ambacho waumini wanakatazwa kukipenda ni dunia. Msomaji wa Kiswahili huona vitu viwili: kimoja cha kupendwa, kingine cha kuchukiwa. Ilhali katika Kigiriki cha asili neno ni lilelile moja pande zote mbili: kosmos. 

Haifai kuwalaumu wafasiri kupita kiasi. Wao wenyewe hawakuushikilia mgawanyo huo kila mahali, kwani katika sura ya 17 ya Injili ya Yohana ni ulimwengu huohuo ambao wanafunzi wa Yesu wanaambiwa si wao, na bado wanatumwa ndani yake. Tena huenda mafasiri aliyechagua maneno mawili alikuwa akiusaidia uelewa wa wasomaji wake. Lakini athari yake ni kwamba kitendawili kilichomo katika matini ya asili kimeteguliwa mapema mno. Msomaji wa Kigiriki alilazimika kukaa na ugumu: kitu kilekile anachopaswa kutokipenda ndicho Mungu alichokipenda. Msomaji wa Kiswahili amepewa njia ya mkato: aupende ulimwengu wa mbali, usio na sura, kisha aichukie dunia ya jirani, yenye muziki, rangi na jasho. Kivumishi kilichozaliwa na mgawanyo huo, "-a kidunia", sasa hutumika kama muhuri. Kikishagongwa juu ya kitu, hakuna haja ya kufikiri zaidi.

Nyimbo ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi muhuri huo unavyopotosha. Mwaka wa 2001 Eric Wainaina alitoa wimbo "Nchi ya Kitu Kidogo", ulioifichua hongo iliyokuwa imekuwa desturi katika ofisi na barabara za Kenya. Kwa kipimo cha mtaani, huo ni wimbo wa kidunia: haumtaji Mungu kwa namna ya tenzi za rohoni na haukutungiwa ibada. Lakini ni mahubiri mangapi ya mwaka huo yaliyomfanya polisi wa trafiki au karani aone haya kama wimbo ule ulivyomfanya? Kwa upande wa pili, mapema katika miaka ya 2000 wimbo wa injili wa Esther Wahome, "Kuna Dawa", ulipendwa hata ukapigwa katika mabaa, walevi wakiuitikia kwa furaha. Nao mwaka wa 2002 wimbo wa kanisani ulibadilishwa maneno ukawa wimbo wa kampeni wa kuuaga utawala wa KANU. Nyimbo zilivuka mpaka kwenda na kurudi bila pasipoti. Kinachoufanya wimbo uwe wa kumjenga au kumbomoa mtu hakikuwa jina la rafu ulimowekwa dukani, bali kile unachomfanyia anayeusikiliza. Huo ndio uhakiki wa fasihi unaofunzwa vyuoni, na si ajabu kwamba unafaa hata kanisani.

Kuna mahali pengine ambapo kanisa na baa hufanana kuliko yeyote kati yao anavyopenda kukiri, napo ni katika kelele. Mkesha wa maombi wa Ijumaa na muziki wa baa huufikia usingizi wa mtu yuleyule kupitia mabati yaleyale. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kiwango cha desibeli 35 kwa makazi usiku, na kiwango hichohicho kwa maeneo ya ibada. Sheria haikuuliza kama sauti ni takatifu. Ilimfikiria mtoto anayejiandaa kwa mtihani, mgonjwa asiye na mahali pengine pa kulala, mama atakayeamka alfajiri kwenda sokoni. Mchungaji akiambiwa apunguze sauti hulalama kwamba Injili inapigwa vita. Mwenye baa naye hulalama kwamba riziki yake inakatwa. Wote wawili wamemsahau jirani. Hapo dunia, kwa maana mbaya kabisa ya neno hilo, haiko upande mmoja wa ukuta. Iko katika imani ya wote wawili kwamba mwenye kipaza sauti kikubwa ndiye mwenye haki.

Fedha nazo zina kisa chao. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, simu imekuwa pochi ya maskini, na kampuni za kamari ziliigundua njia hiyo mapema. Kijana wa mtaani hutuma shilingi chache akitumaini kupata maelfu. Viongozi wa makanisa huikemea kamari, nao wana haki kufanya hivyo, kwa maana imewafilisi wengi na kuwavunjia nyumba. Lakini katika baadhi ya makanisa yayo hayo, muumini huyo huyo huambiwa apande mbegu: atume fedha kwa nambari iliyoandikwa ukutani, kisha angoje kuvuna mara mia. Ni vigumu kumweleza kijana tofauti ya miamala hiyo miwili. Yote humtaka maskini atoe kidogo alicho nacho leo kwa ajili ya kingi ambacho hakuna anayewajibika kumlipa kesho. Anapopoteza katika kamari huambiwa hakubahatisha vyema. Anapokosa mavuno ya mbegu huambiwa imani yake ilikuwa haba. Katika hali zote mbili mwenye nyumba hashindwi. Iwapo kuna kitu kinachostahili kuitwa cha kidunia, ni hiki, ijapokuwa kimevaa suti nyeupe na kushika Biblia.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo yakilinganishwa na yale yaliyotokea tarehe 1 Januari 2008. Siku hiyo, kandokando ya mji wa Eldoret, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa liliteketezwa kwa moto likiwa limejaa watu waliolikimbilia kwa usalama, wengi wao wakiwa wanawake na watoto wa jamii ya Wakikuyu. Makumi ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Ghasia hizo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kwa mujibu wa Tume ya Waki, ziliwaua watu 1,133 kote nchini, na ziliwagusa waathiriwa na wahusika wa jamii mbalimbali, wakiwemo wakazi wa mitaa ya Eldoret kama Huruma.

Yapasa jambo moja lizingatiwe kwa makini. Wale waliokuwa ndani ya kanisa walikuwa Wakristo. Eneo zima, kabla na baada ya siku hiyo, lilikuwa na makanisa kila baada ya hatua chache. Kwa miaka mingi mimbari za eneo hilo zilikuwa zimeionya jamii dhidi ya disko, suruali kwa wanawake, sinema na pombe. Hakuna kanisa lililowahi kuteketezwa na disko. Kilicholiteketeza kanisa la Kiambaa ni ukabila, malalamiko ya ardhi yaliyoachwa bila kutatuliwa tangu enzi ya ukoloni, na siasa zilizoyachochea malalamiko hayo kila msimu wa uchaguzi, kama ilivyokuwa mwaka wa 1992. Hiyo ndiyo dunia ambayo waumini walipaswa kuonywa nayo. Badala yake iliingia kanisani kwa mlango wa mbele, ikapewa kiti cha mbele, na mara nyingine ikakabidhiwa kipaza sauti ili iwasalimu waumini.

Haya si mashtaka ya watu wa nje. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wamegawanyika na kuegemea pande za kisiasa, hivyo wakashindwa kusema kwa sauti moja, na likaomba radhi. Toba hiyo ilikuwa ya heshima. Ilionyesha kwamba kanisa lina uwezo wa kujichunguza ambao taasisi nyingi za kilimwengu, zikiwemo vyama vya siasa, hazijawahi kuuonyesha.

Wala hapakukosekana walioutambua mpaka wa kweli ulipokuwa. Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret, aliyeliongoza jimbo hilo tangu 1990 hadi kifo chake mwaka wa 2017, aliufungua uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu kwa maelfu ya waliofukuzwa makwao. Yeye alikuwa Mkalenjin. Wengi wa waliomkimbilia hawakuwa. Baadaye njia yake ya upatanisho ilielezwa katika kitabu Amani Mashinani cha mwaka wa 2009. La kufunza ni kwamba njia hiyo haikuwa ya mahubiri peke yake. Ilianza kwa vikao vidogo vya majirani waliokuwa wametendeana mabaya, ikaendelea hadi miradi ya pamoja, kama vile barabara na shule, ambayo jamii zilizohasimiana zilihitajiana ili kuikamilisha. Barabara ni jambo la kidunia kabisa. Lakini imani ya askofu huyo ilipata mwili katika barabara, na dunia ikapata uponyaji kupitia kwa mtu wa imani. Hapo mgawanyo wa kiroho na kidunia unakosa maana. Panabaki mgawanyo mwingine, wa yale yanayomponya jirani na yale yanayomwangamiza.

Kufikia hapa huenda msomaji wa chuo kikuu amefurahi, akidhani hoja hii inawaangukia walokole tu. Asifurahi mapema. Wapo wasomi wanaoichukulia imani kuwa masalio ya ujinga ambayo elimu itayafagia, nao huitaja mitaa kama Huruma kwa kejeli kwa sababu ya wingi wa makanisa yake. Waulizwe: utamaduni wa kilimwengu umewapa nini wakazi wa mitaa hiyo? Mkazi mgeni anapofiwa, asiye na ukoo mjini, ni nani humchangia jeneza na gari la kumpeleka nyumbani? Mara nyingi ni jumuiya ndogondogo, vikundi vya akina mama na washirika wa kanisa. Uhuru usio na jirani ni upweke uliopewa jina zuri. Anayelibomoa kanisa la mabati bila kujenga kitu cha kumwitia mwenziwe kwa jina amemwongezea maskini umaskini mwingine.

Kinyume chake, muumini anayeona kila kilicho cha kilimwengu kuwa adui naye husahau kinachomlinda. Kifungu cha 8 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba hiyo kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, kwa sababu ya mahakama za kadhi na suala la uavyaji mimba. Wapigakura takribani asilimia 67 wakaipitisha. Lakini ni Katiba hiyohiyo isiyo na dini inayolipa kanisa changa la vyumba viwili haki sawa na kanisa kuu lenye mnara. Magharibi mwa Kenya panajulikana vyema inavyokuwa dola linapojipa mamlaka ya kuamua dini ipi ni halali: Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka wa 1948, na tena na serikali huru mwaka wa 1968. Na mwaka wa 2017 ni Mahakama ya Rufaa, chombo cha kilimwengu, iliyoamua kwamba wanafunzi Waadventista Wasabato wapewe nafasi ya kuabudu Jumamosi shuleni. Mlokole hulala salama chini ya paa ambalo yeye hakulijenga, na mara nyingine alilipinga.

Nayo hatari ya kuikimbia dunia moja kwa moja ilidhihirika mwaka wa 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wafuasi waliokwenda huko walikuwa wamefundishwa kuzihesabu shule na hospitali kuwa za shetani. Walioanza kwa kukataa kila kitu cha dunia waliishia kukataa chakula. Imani isiyokuwa na chochote cha kilimwengu ndani yake, isiyojua daktari, mwalimu wala sheria, haiwi safi zaidi, inakuwa kaburi.

Basi mpaka uhamishwe, na uhamishwe kwa vitendo. Kwanza, kanisa lolote linaloihubiri huruma lianze kwa kupunguza sauti usiku bila kungoja afisa wa mazingira, na lidai vivyo hivyo kwa jirani yake mwenye baa. Mwenye kutangulia kutii ndiye mwenye haki ya kudai. Pili, hesabu ya sadaka isomwe mbele ya waumini, ili mbegu iliyopandwa ijulikane ilipoota. Tatu, mimbari ifungwe kwa wanasiasa. Hili si jambo lisilowezekana. Mwezi wa Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubu ibadani, na mwezi wa Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliagiza mamilioni ya shilingi aliyoyatoa Rais William Ruto katika kanisa moja la jiji hilo yarudishwe. Waraka wa Yakobo, katika sura ya pili, ulikwisha kuwaonya waumini wasimpe kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu huku maskini akiambiwa asimame. Uchaguzi mkuu unaofuata umepangwa kufanyika Agosti 2027. Eldoret haina anasa ya kuungoja ndipo ianze kutafakari.

Nne, wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wao. Katika makanisa mengi ya mijini mahubiri hutolewa kwa Kiingereza na kukalimaniwa kwa Kiswahili, na mkalimani mara nyingi ni kijana wa chuo. Huyo ndiye anayechagua, kwa sekunde moja, kama kitu kitaitwa cha kidunia au la. Ndiye anayeweza kuwaeleza waumini katika funzo la Biblia kwamba maneno mawili wanayoyasoma ni moja katika asili, na kwamba dunia wanayoionea kinyaa ni ulimwengu uleule waliofundishwa kwamba Mungu aliupenda. Vilevile, katika mtaa wa makabila mengi, Kiswahili ndicho kinachowaketisha pamoja watu ambao ndimi zao za mama zinaweza kuwatenga. Ibada ya Kiswahili ni kauli ya kisiasa hata kabla ya mhubiri kufungua kinywa. Anayekilinda Kiswahili kanisani anailinda pia ile nafasi ambamo jirani hawezi kugeuka kuwa mgeni kwa usiku mmoja.

Mwishoni mwa sura ya kwanza ya waraka wake, Yakobo anaieleza dini iliyo safi kwa mambo mawili yaliyofungwa katika aya moja: kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao, na kujilinda na dunia. Makanisa mengi yameishika nusu ya pili na kuitangaza kwa vipaza sauti. Walimwengu wenye nia njema wameishika nusu ya kwanza, na kusahau kwamba mtu asiyejilinda na tamaa zake hatimaye hana cha kumpa yatima. Aya haikukusudiwa kugawanywa. Waliouita mtaa ule Huruma, kwa sababu yoyote ile waliyokuwa nayo, waliwapa wakazi wake kipimo kilicho bora kuliko cha kiroho na kidunia. Kila wimbo, kila sadaka, kila hotuba na kila kura na ipimwe hapo: je, ina huruma kwa aliye upande wa pili wa mabati?